Kumngoja Mungu: Subira ya Mkristo katika Nchi ya Ngara na Biharamulo

Kumngoja Mungu ni kuendelea kuishi chini ya ahadi ambayo tarehe yake haijatajwa. Kuna ahadi, kuna aliyeahidi, na kuna muda usiojulikana kati ya neno lake na utimilifu wa neno hilo. Asiye na ahadi anakisia tu. Asiyemjua aliyeahidi anabahatisha. Naye mwenye tarehe mkononi hahitaji imani, kwa kuwa kazi iliyobaki ni kuhesabu siku.

Wakazi wa wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, wameizoea pia aina nyingine ya kungoja, na ni vizuri mbili hizo zitenganishwe mapema. Nikeli ya Kabanga, wilayani Ngara, ilianza kutafitiwa miaka ya 1970, lakini mkataba mkuu wa kuichimba, unaoipa Serikali ya Tanzania hisa za asilimia 16, ulitiwa saini Januari 2021. Watoto waliozaliwa utafiti ulipoanza walikuwa watu wazima siku hiyo. Katika jambo la namna hii mwananchi ana haki ya kuuliza ratiba, kudai fidia ya shamba lake na kumkumbusha kiongozi alichoahidi. Mhubiri anayemwambia mwananchi huyo anyamaze amngojee Mungu anachanganya mambo mawili: anamtwika Mungu deni la wanadamu. Maandiko hayafanyi hivyo. Mjane wa Luka 18 hakulaumiwa kwa kumsumbua kadhi. Yesu alimtoa kuwa kielelezo cha watu wasiokata tamaa katika kuomba. Vivyo hivyo, Askofu Severine Niwemugizi wa Jimbo Katoliki la Rulenge-Ngara aliposema hadharani mwaka 2017 kwamba taifa linahitaji katiba mpya, hakuwa ameacha kumngoja Mungu. Mtu anaweza kusema leo lililo haki na kumwachia Mungu lini haki hiyo itasimama.

Kiswahili kina methali nyingi zinazosifu subira, na karibu zote huisifu kwa sababu ya malipo yake: mvumilivu hula mbivu, subira huvuta heri. Hekima hiyo ni ya kweli kwa kadiri yake. Hata hivyo Zaburi za kungoja, kama ile ya 27, ya 40 na ya 130, hukaza macho mahali pengine. Hazielezi sana kitu kitakachopatikana. Humtaja Yeye anayengojewa. Mlinzi wa usiku katika Zaburi ya 130 haombi zawadi kwa kukesha kwake, anatamani asubuhi. Nabii Isaya anaongeza jambo ambalo wahubiri hulipita haraka: katika sura ya 30 anasema Bwana naye anangoja, ili apate kuwafadhili watu wake. Kungoja kumbe kunatoka pande zote mbili, na upande wa Mungu ndio ulioanza.

Maandiko yana masimulizi mengi ya watu waliongoja vizuri, lakini somo huonekana wazi zaidi kwa walioshindwa. Mfalme Sauli, katika kitabu cha kwanza cha Samweli sura ya 13, aliagizwa amngojee nabii huko Gilgali siku saba. Wafilisti walikuwa wamekusanyika Mikmashi, Waisraeli wanajificha mapangoni, na askari wa Sauli wanaondoka mmoja mmoja. Siku ya saba ilipofika na Samweli hajaonekana, Sauli alitoa sadaka kwa mkono wake mwenyewe. Alipomaliza tu, Samweli akatokea. Kwa hesabu ya siku Sauli hakupungukiwa na kitu. Siku saba alizikaa zote. Kilichomshinda ni kwamba muda wote huo alikuwa akiwatazama watu wanaoondoka. Subira yake ilitegemea wingi wa waliobaki kambini, na walipopungua, nayo ikapungua.

Habari ya Abrahamu na Sara ni ndefu zaidi na inagusa nyumba nyingi. Abrahamu aliondoka Harani akiwa na miaka 75, na Isaka alizaliwa baba yake akiwa na miaka 100. Katikati ya miaka hiyo 25 kuna Hajiri. Sara alipendekeza mpango uliokubalika kwa desturi za wakati wao, Abrahamu akaukubali, na Ishmaeli akazaliwa baba yake akiwa na miaka 86. Miaka 14 ikapita kabla ya mtoto wa ahadi, na machungu ya mpango ule yakaingia ndani ya hema na kumwangukia zaidi mjakazi ambaye hakuulizwa kitu.

Kwa Wahangaza, Washubi, Wasukuma na jamii nyingine za Ngara na Biharamulo, ndoa isiyo na mtoto hubeba mzigo unaofanana na huo. Ndugu wa mume huanza kwa kuuliza taratibu, kisha hushauri mke mwingine, kisha humtaja mganga. Lawama humshukia mwanamke hata kabla ya yeyote kupimwa. Hapa ndipo neno la subira linaweza kuumiza kuliko kuponya. Mchungaji au katekista anayemwambia mke asubiri tu, halafu akaondoka, amemwachia peke yake kazi iliyopaswa kufanywa na watu wengi. Kumngoja Mungu katika nyumba hiyo kunahusu pia mume kukubali kwenda hospitali pamoja na mkewe, ndugu kufunga midomo yao, na kanisa kumpa mwanamke heshima kamili isiyosubiri mimba. Elkana, mume wa Hana aliyekosa mtoto, alijitahidi kumfariji mkewe na hakufanikiwa, lakini kitabu cha kwanza cha Samweli kinaonyesha kwamba alimpenda kabla Samweli hajazaliwa. Naye Hana hakungoja kimya. Alilia mbele za Mungu mpaka kuhani Eli akamdhania amelewa.

Malalamiko, basi, ni sehemu halali ya subira. Mtunzi wa Zaburi ya 13 anamuuliza Mungu mara nne mateso yake yataendelea hadi lini, na Zaburi hiyo ikaingizwa katika kitabu cha ibada ili waumini wa vizazi vyote waiombe. Martha wa Bethania alimweleza Yesu waziwazi kwamba amechelewa, na kwa kipimo cha binadamu alisema kweli: baada ya kusikia kuwa Lazaro ni mgonjwa, Yesu alikaa siku mbili zaidi pale alipokuwa. Martha hakukemewa. Mkristo anayedhani kuwa imani humkataza kuuliza atajikuta anavaa uso wa ibadani usiofanana na moyo wake, na mwisho hata maombi yake hayatakuwa na ukweli.

Je, subira hii hufundishwaje? Historia ya makanisa katika eneo la Maziwa Makuu inatoa majibu kadhaa, na la kwanza linatoka kwa wamisionari Wakatoliki walioitwa Mapadre Weupe. Mwanzilishi wao, Kardinali Lavigerie, aliweka kanuni kwamba mtu mzima anayetaka ubatizo apitie maandalizi ya miaka minne, miwili ya mwanzo kabla ya kuhesabiwa mkatekumeni na miwili baada ya hapo. Kanuni hiyo ilifuatwa Buganda na Buhaya, na katika misheni zilizoenea kutoka huko. Watu walitembea mwendo mrefu kwenda mafundishoni, wakarudi kulima, wakaenda tena. Wengine walilalamika, na wako wamisionari walioona muda huo umezidi. Hata hivyo kanuni ilikuwa na mlango mmoja uliokuwa wazi siku zote: aliyekuwa katika hatari ya kufa alibatizwa papo hapo. Mlango huo ulieleza maana ya miaka minne kuliko hotuba yoyote. Neema haikuwa imecheleweshwa mbinguni. Aliyehitaji muda ni mtu anayebadilika, pamoja na nyumba yake, mashamba yake na madeni yake ya zamani. Malezi ya mapadre yamerithi mwendo huohuo, na kijana anayeingia Seminari ya Katoke, Biharamulo, ana miaka mingi ya masomo na kupimwa kabla ya kuwekewa mikono.

Jibu la pili lilitoka upande wa pili wa mto Kagera. Gahini, mashariki mwa Rwanda, ilikuwa kituo cha misheni ya Kianglikana chenye hospitali. Njaa kubwa ya 1928 na 1929 iliiumiza nchi hiyo, na daktari wa kituo, Joe Church, alikuwa amechoka mwili na roho alipokwenda Kampala mwaka 1929. Huko Namirembe alikutana na Simeoni Nsibambi, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Uamsho wa Afrika Mashariki kwa kawaida huhesabiwa kuanzia mkutano huo, lakini moto wenyewe haukuonekana wazi mpaka katikati ya miaka ya 1930. Katikati kuna miaka ya ugomvi kati ya wafanyakazi wa Gahini, ya kukata tamaa na ya kuombana msamaha. Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi na mwalimu wa shule hapo Gahini, alijitenga mwaka 1935 kwa maombi, akatoka akihubiri kwa nguvu mpya. Januari 1936 alikuwa Kampala akijiandaa kulihutubia baraza la kanisa, lakini homa ikamuua kabla ya siku yake. Ujumbe wake wa kulitaka kanisa liamke ulisomwa na wengine, na uamsho ukavuka mipaka hadi Tanganyika kabla ya mwongo huo kwisha. Kigozi ni wa kundi lile la Waebrania sura ya 11, wale waliokufa wakiwa wameziona ahadi kwa mbali tu.

Walokole, kama ndugu wa uamsho walivyoitwa, hukazia sana leo: kutubu leo, kurudisha leo mali iliyoibwa, kupatana leo na jirani. Kwa mtazamo wa haraka msisitizo huo unaonekana kupingana na kungoja, ila katika ushirika wao mambo hayo mawili yalikaa pamoja. Lililo mikononi mwa mtu halingojewi. Yule anayemwomba Mungu amwondolee uadui huku akikataa kuvuka uzio kwenda kumsalimia jirani hamngojei Mungu, anamchelewesha. Kwa kuondoa haya yaliyo wajibu wa mtu, walokole waliacha wazi yale ambayo kweli ni ya Mungu peke yake.

Lakini hakuna jambo lililoifanya Ngara kuwa shule ya kungoja kuliko uhamisho wa watu. Wakimbizi wa Rwanda waliofika baada ya machafuko ya 1959 na miaka iliyofuata waliwekwa katika makazi kadhaa ya Tanganyika, yakiwemo ya Muyenzi wilayani Ngara. Walidhani watarudi baada ya muda mfupi. Miaka 20 baadaye, mwaka 1980, Tanzania iliwapa uraia takriban 36,000 kati ya Wanyarwanda wa kundi hilo. Kisha Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa, na Warundi wakavuka mpaka kwa maelfu. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, kwa muda wa siku moja hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda, ambako mauaji ya kimbari yalikuwa yakiendelea. Kambi ya Benaco ikawa ghafla miongoni mwa makazi makubwa ya watu nchini. Zikafuata Lumasi, Musuhura, Lukole na nyinginezo. Wakimbizi waliwazidi wenyeji kwa idadi, miti ikafyekwa kwa kuni, maji yakagombewa, na wenyeji wa Ngara wakabeba ujirani ambao hawakuuomba.

Kambini kulikuwa na kungoja kwa namna nyingi, na si zote zilizokuwa za kusifiwa. Mama mwenye watoto alingoja mgao wa mahindi na maharage. Mtu aliyepoteza jamaa alingoja habari zao. Lakini katika mahema hayohayo walikuwamo watu waliokuwa wameua, na viongozi wa zamani waliowashika watu wao kwa ahadi ya kurudi Rwanda kwa ushindi. Walikuwa na subira, tena nyingi. Walichokosa ni toba. Mtu anaweza kukaa miaka akingoja, kumbe anachongoja ni nafasi ya kurudia uovu wake. Subira ya namna hiyo haina uhusiano na Mungu hata ikiimbiwa nyimbo kila Jumapili.

Hali hii ilikwisha kuandikiwa barua karne nyingi kabla. Katika Yeremia sura ya 28, nabii Hanania aliwatangazia watu kwamba vyombo vya hekalu na waliopelekwa Babeli vitarudi ndani ya miaka miwili. Ilikuwa habari njema, yenye tarehe, na ilikuwa ya uongo. Sura inayofuata Yeremia aliwaandikia wahamishwa barua ya namna nyingine: wajenge nyumba na kukaa ndani yake, wapande bustani na kula matunda yake, waoe na kuoza, wauombee amani mji walikopelekwa, kwa maana miaka 70 itapita. Muda huo uliwazidi wengi wao. Mwenye umri wa miaka 30 aliyesikia barua ikisomwa alijua hatarudi. Hata hivyo ndiyo barua iliyowapa kazi ya kufanya asubuhi iliyofuata. Hanania aliwapa tarehe na kuwaacha wamekaa juu ya mizigo yao.

Yeremia mwenyewe alifanya alichofundisha. Yerusalemu ikiwa imezingirwa na jeshi la Babeli, naye akiwa kifungoni, alinunua shamba la binamu yake huko Anathothi kwa shekeli 17 za fedha. Hati ikatiwa muhuri mbele ya mashahidi na kuwekwa katika chombo cha udongo ili idumu. Kwa soko la siku hiyo shamba lile halikuwa na thamani. Mtu aliyewahi kupanda migomba kwenye ardhi ya makazi asiyojua ataruhusiwa kuikaa hadi lini ataelewa kitendo hicho bila kufafanuliwa.

Mwisho wa kambi za Wanyarwanda ulikuja katika Majilio ya 1996. Jumapili ya kwanza ya Majilio ilikuwa tarehe 1 Desemba. Siku chache baadaye ilitangazwa kwamba Wanyarwanda wote wawe wamerejea kwao ifikapo tarehe 31 mwezi huo. Wengi waliingiwa na hofu, na tarehe 12 makundi makubwa yakatoka kambini kuelekea ndani zaidi ya Tanzania, wanajeshi wakawarudisha, na msafara ukageuka kuelekea Rusumo. Kurudi huko hakukufanana na kulikohubiriwa na wakubwa wa kambi, wala hakukuwa kwa hiari ya kila mtu. Ni kosa kukuita utimilifu wa ahadi ya Mungu kana kwamba hesabu imefungwa. Waliorudi walikuta makaburi, mashamba yenye watu wengine, na majirani waliohitaji kuambiwa ukweli. Kwao kumngoja Mungu kulianza upya, safari hii kukiwa ni kungoja haki na upatanisho katika kijiji kimoja.

Kanisa Katoliki la eneo hili lilikuwa limejenga chombo kinachofaa kwa kazi hiyo ndefu. Askofu Christopher Mwoleka, aliyeliongoza Jimbo la Rulenge kuanzia 1969 hadi 1996, aliamini kwamba Utatu Mtakatifu umefunuliwa ili watu waishi kwa kushirikiana kama Baba, Mwana na Roho, kabla hata ya kuufikiria kama fumbo la akili. Kwa sababu hiyo aliupokea ujamaa kwa moyo, akaishi na wanakijiji katika kijiji cha ujamaa cha Nyabihanga, na akawa miongoni mwa watetezi wakubwa wa jumuiya ndogondogo za Kikristo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizifanya kipaumbele cha kichungaji katika mikutano yao ya 1973 na 1976. Vijiji vya ujamaa vilififia. Jumuiya zimebaki, na nyumba kumi au ishirini za jirani bado hukutana kila juma kusoma Injili na kugawana kazi: nani amtembelee mgonjwa, nani amchangie aliyefiwa. Katika mpango huo mtu hahitaji kuwa na subira ya kutosha peke yake. Juma ambalo imani ya mmoja imelegea, wengine huomba kwa niaba yake mbele yake, akisikia.

Yakobo, katika sura ya 5 ya waraka wake, anamtoa mkulima kuwa mfano, angojaye mvua ya kwanza na ya mwisho. Msomaji wa Ngara mwenye vuli na masika yake hahitaji maelezo ya hali ya hewa ya Palestina. Cha kuangalia ni kwamba mkulima huyo hakai. Yuko shambani akipalilia, na hawezi kuiharakisha mvua kwa siku moja.

Kilele cha kungoja kwa Mkristo ni kurudi kwa Kristo, na ndipo hatari ya tarehe ya uongo imeonekana kwa ukatili mkubwa. Huko Kanungu, kusini magharibi mwa Uganda, viongozi wa kundi moja la kidini walitangaza kwamba dunia itakwisha mwaka 1999 ukimalizika. Wafuasi waliuza mali zao. Mwaka ulipopita na dunia ikabaki, tarehe mpya ikatolewa, na tarehe 17 Machi 2000 mamia ya watu waliteketea ndani ya kanisa lao lililofungwa. Miili mingine mingi ikafukuliwa baadaye katika nyumba za kundi hilo. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola nchini Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu waliohimizwa kufunga mpaka kufa ili wakutane na Yesu, wakiwemo watoto wengi. Waathirika hao walitaka kweli kumwona Mungu. Walinyang'anywa kungoja kwao na kupewa ratiba, na waliowapa ratiba hiyo wana damu yao juu ya vichwa vyao.

Kanisa la Thesalonike lilikutana na jaribu hilo mapema. Baadhi ya waumini walishtushwa na habari kwamba siku ya Bwana imekwisha kuwadia. Wengine kanisani humo waliishi bila utaratibu, wakaacha kazi na kuwategemea ndugu zao. Waraka wa pili kwa Wathesalonike haukuwapa tarehe sahihi badala ya ile ya uongo. Uliwaagiza wafanye kazi kwa utulivu, wale chakula chao wenyewe, wasichoke kutenda mema, na asiyetii wamwonye kama ndugu, wasimhesabu kuwa adui.